Mwaka wa tatu na Mercedes ya dizeli: mwendo wake, na moshi wake

Wenzangu kazini wamechoka kuniuliza swali moja, nami nimechoka kulijibu vipande vipande tukisubiri chai, kwa hivyo leo nalijibu mara moja. Kwa nini mtu anayeandika programu ili apate riziki, mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi na mshahara usio mbaya sana, anakuja kazini kila siku kwa Mercedes 240 D ya mwaka 1983 inayonguruma kama mashine ya kusagia unga?

Jibu fupi ni kwamba mjomba aliniuzia kwa bei ya kipakatalishi kizuri, macho yake yalipoanza kufifia na daktari akamkataza kuendesha. Namba yake ni ya zamani, ile isiyo na herufi mwishoni. Jibu refu lina moshi ndani yake, na ndilo lililonifanya niketi kuandika.

Tuanze na takwimu, maana najua nyinyi mnapenda takwimu. Injini inaitwa OM616: silinda nne, lita 2.4, hakuna turbo, nguvu farasi 72. Kiwanda kilisema litatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa karibu sekunde 22, na kwamba likisukumwa kabisa litafika 143. Hizo ni hesabu za nchi za chini. Mimi naishi Kikuyu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo huvuta inachokipata tu. Kwa hivyo wale farasi 72, kadhaa wao walibaki Mtito Andei. :-)

Je, ni polepole? Ndiyo, ni polepole. Lakini asubuhi nikishuka Waiyaki Way kupitia Kinoo, Uthiru na Kangemi, gari langu na lile jipya la farasi 300 lililo mbele yangu tunafika Westlands pamoja, na sote tumepitwa na bodaboda. Foleni ya Nairobi haijali una injini gani. Matatu kisheria hazipaswi kupita kilomita 80 kwa saa, na gari langu hufika 80 bila kulalamika, mradi uwe na subira.

Mahali polepole inapouma ni kupanda kutoka Mai Mahiu. Nikiwa na watu wanne na gunia la viazi, nabaki gia ya pili nyuma ya malori, na nimepata nafasi ya kukiangalia vizuri kile kikanisa kilichojengwa na wafungwa Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kupita lori ni jambo la kupanga mapema kama mtu anayepanga harusi. Mara moja tu nilijaribu kupita bila mpango. Nilifika katikati ya lori, nikaona basi linakuja, nikagundua kwamba sina nguvu ya kumaliza wala nafasi ya kurudi. Dereva wa lori alinionea huruma, akapunguza mwendo. Tangu siku hiyo sipiti kitu isipokuwa mkokoteni. Rafiki yangu mmoja husema gari lisilo na nguvu ni hatari. Nadhani hatari yangu siku ile ilikuwa kichwani mwangu. Hata hivyo nakubali kwamba mwenye gari lenye nguvu angepona kosa lile kwa urahisi zaidi kuliko mimi.

Haya, tuje kwenye kinachonifanya nilipende. Wiki ya pili tu baada ya kulinunua, niliegesha mjini, nikazima, nikachomoa ufunguo, nikafunga mlango. Injini ikaendelea kunguruma. Mlinzi akaniangalia, nami nikamwangalia mlinzi. Nikarudi, nikatia ufunguo, nikazungusha, nikachomoa tena. Inanguruma. Kama umewahi kuamuru programu ijifunge ikakupuuza, unaijua hisia hiyo.

Sababu ni hii. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa inabanwa hadi ujazo wake unapungua mara 21, inapata joto kali, dizeli inapuliziwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hivyo kukata umeme hakuizimi, ila kuikatia mafuta. Katika gari hili kazi hiyo inafanywa na mvuto wa hewa: kuna pampu ndogo mbele ya injini inayonyonya hewa kutoka kwenye mipira myembamba, na ukizungusha ufunguo kuzima, mvuto huo unavuta kidude kilicho kwenye pampu ya dizeli na kufunga mafuta. Mpira ukipasuka popote, mvuto unapotea, injini haizimi. (Kuna mkono mdogo chini ya boneti ulioandikwa STOP. Unaubonyeza kwa kidole, mashine inanyamaza. Watengenezaji walijua siku hii ingefika, na laiti mifumo yote ninayoishughulikia kazini ingekuwa na mkono kama huo.)

Fundi wangu wa kwanza alisema shida ni pampu ya dizeli, tununue nyingine. Nikamwomba anipe Jumamosi moja. Nilichukua mipira ile na kuanza kuiziba mmoja mmoja kwa misumari, kama vile unavyozima sehemu za programu moja moja hadi uone kosa limejificha wapi. Nilipoziba ule wa manjano unaokwenda kwenye vifungio vya milango, injini ikazima mara moja. Nikaufuata hadi mlango wa nyuma wa kushoto: ngozi ya mpira ndani ya kifungio imepasuka. Ile vali ndogo ambayo ingezuia tatizo la milango lisifike kwenye injini nayo ilikuwa imechoka. Mlango wa nyuma unazuia injini kuzima! Ukimwambia mtu asiyejua atadhani umelewa, lakini mwandishi yeyote wa programu atacheka kwa uchungu, maana kila mmoja wetu amewahi kurekebisha ukurasa wa picha akaharibu ukurasa wa malipo. Kifungio cha mtumba kutoka Kirinyaga Road kilinigharimu pesa kidogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusifu gari hili mpaka watu wanahama meza. Nilikuwa na hoja moja niliyoipenda sana: kwamba ndani yake hakuna hata mstari mmoja wa msimbo. Hakuna tarakilishi ya injini, hakuna taa ya kukutisha, hakuna mtu wa kukuambia uende kwa wakala mwenye mashine maalumu ya kusoma makosa. Kila kitu kinaonekana na kushikika. Vali zinarekebishwa kwa spana namba 14. Kitabu chake cha ufundi kimeandikwa vizuri kuliko maelezo yoyote niliyoachiwa na wenzangu walioacha kazi. Kule Ugiriki kuna dereva wa teksi, Gregorios Sachinidis, aliyeendesha 240 D ya 1976, ya umbo lililotangulia hili langu, hadi kilomita milioni 4.6, ilipofika 2004 kiwanda kikaichukua na kuiweka kwenye makumbusho yake. Alikuwa anabadilisha injini kila mara, hilo wanaosimulia husahau kulitaja, lakini bado ni kilomita milioni 4.6. Moroko nako magari haya yalikuwa teksi za kati ya mji na mji kwa miongo mingi.

Pia huvumilia mafuta yetu. Mnakumbuka jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa na dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi, hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida hiyo. Gari jipya la dizeli likinywa mchanganyiko ule, nozeli zake zinakufa na unauza ng'ombe. Langu lilikohoa kidogo, likaendelea.

Kuhusu gharama sitawadanganya. Napata kilomita 10 au 11 kwa lita. Mwenzangu wa meza ya pili ana Vitz ya petroli inayomshinda mbali. Ile hadithi ya "dizeli haili" ilikuwa kweli ukilinganisha na Mercedes ya petroli ya miaka ile, si ukilinganisha na kigari cha leo. Na tangu Septemba 2023, EPRA ilipotangaza bei na dizeli ikavuka shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi, sijathubutu kusema mbele ya watu kwamba ninaweka akiba. Ninachookoa ni mkopo ambao sikuchukua. Bima kubwa hutaipata kwa urahisi kwa gari la umri huu. Na mwizi naye halitaki.

Sasa moshi.

Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu nilikuwa naamsha gari. Unazungusha ufunguo nusu, taa ya manjano inawaka, unahesabu taratibu hadi kumi huku hita plagi zikipasha joto chumba kidogo cha kuwashia, kisha unapiga stata. Kikuyu mwezi wa Julai ni baridi, na injini baridi haichomi dizeli yote. Inatoa wingu jeupe lenye rangi ya bluu, lenye harufu inayokaa kwenye nguo. Nilikuwa naliacha lingurume dakika kumi hivi huku nikinywa chai, kama mjomba alivyokuwa akifanya.

Ploti yetu ina vyumba vinane. Dirisha la chumba kilicho karibu na mahali nilipokuwa naegesha ni la mama mmoja mwenye mtoto wa miaka sita anayetumia kile kipampu cha pumu. Mwaka jana, jioni moja, alinisubiri langoni.

"Jirani, samahani, usinichukulie vibaya," akaniambia. "Hilo gari lako ukiliwasha alfajiri, moshi unaingia kwetu. Mtoto anaamka akikohoa."

"Pole sana mama, sikujua," nikamjibu.

Nilikuwa najua. Sikujua habari za mtoto, lakini ukuta chini ya dirisha lile ulikuwa umeanza kuwa mweusi, na mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza nyuma ya gari kuuelekea ili asubuhi nisipate taabu ya kutoka. Nilikuwa nimeuona weusi ule miezi mitatu.

Usiku ule nilifanya kile ambacho watu wa kazi yetu hufanya tukikosolewa: nilitafuta hoja. Na hoja zipo. Ya kwanza, kutengeneza gari jipya nako kunachafua, kwa hivyo kutunza la zamani ni kuihurumia dunia. Ya pili, malori yanayopita barabara kuu yanatoa moshi mwingi kuliko mimi, na majirani wengine wanachoma takataka nyuma ya ploti. Ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mnamo Septemba 2015 Wamarekani waligundua kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu kwenye magari yake ya dizeli inayotambua gari likiwa kwenye kipimo, ikawa safi hapo, kisha ikaacha kuwa safi barabarani. Magari yapata milioni 11 duniani kote. Basi nikajiambia, afadhali langu, moshi wake ni mwaminifu, unaonekana kwa macho!

Nilipokuwa nikiiandika hoja ile ya tatu kwenye daftari ndipo niliposikia upuuzi wake. Mtoto wa jirani hapumui uaminifu. Hoja ya kwanza nayo ina ukweli wake kuhusu gesi inayopasha dunia joto, ambayo husambaa kote ikawa deni la sisi sote. Lakini masizi si gesi ile. Masizi hukaa karibu na bomba yanakotoka, na bomba langu lilikuwa hatua nne kutoka kitandani mwake. Huwezi kulipa deni la dirishani kwa akiba uliyoiweka angani. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, pamoja na vitu vinavyojulikana wazi kuleta saratani kwa binadamu. Na hapo ndipo hoja yangu ya "hakuna mstari wa msimbo" iliponigeukia. Dizeli za kisasa zikiwa safi, zimesafishwa na vichujio na vipimo vinavyosimamiwa na msimbo, kazi ya watu kama mimi. Nilikuwa najivunia gari langu kwa kukosa kitu kile kile ambacho kingemsaidia mtoto yule.

Basi nikaanza kurekebisha. Kwanza niliacha kunguruma kwa dakika kumi. Haina maana, ukishawasha, subiri nusu dakika, ondoka taratibu, injini hupata joto upesi ikifanya kazi kuliko ikisimama. Pili, naegesha chini karibu na barabara, nampa mlinzi wa duka kitu kidogo. Tatu, nilikwenda Industrial Area kwa fundi anayepima pampu na nozeli pekee. Kati ya nozeli nne, mbili zilikuwa zinadondosha dizeli badala ya kuipulizia kama ukungu. Akaniuliza gari linaishi wapi. Nikamwambia Kikuyu.

"Kijana, pampu hii imepimwa ya baharini," akasema. "Inapeana dizeli ya Mombasa kwa hewa ya Limuru. Ile isiyopata hewa inatoka nyeusi."

Alipunguza kiasi cha mafuta kinachoingia ukikanyaga hadi mwisho. Alinionya kwamba gari litakuwa zito zaidi, nami sikuamini kwamba linaweza kuwa zito zaidi. Linaweza. Zamani nilikuwa nikifika 80 kutoka kusimama kwa sekunde 19, nilipima kwa simu. Sasa ni 23. Kupanda kutoka Kangemi jioni nashuka gia mahali ambapo zamani sikushuka. Lakini kwenye kioo cha nyuma sioni tena lile pazia jeusi, na makanga wa matatu ameacha kunipigia kelele kwenye taa.

Ndiyo maana maoni yangu kuhusu magari haya yamebadilika. Kwa miaka mingi ukaguzi wa kila mwaka umekuwa ni wa matatu, mabasi na malori, na kila pendekezo la kukagua pia magari ya binafsi yaliyozeeka linapotolewa, sisi wenye magari haya tunapiga kelele kwamba tunaonewa. Nilikuwa mmoja wao. Sasa nasema wapime. Kipimo cha moshi ni rahisi: unakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, kifaa kinaangalia mwanga unapenyaje kwenye moshi. Wasipime umri, wapime moshi. Kuna Corolla za mwaka 2012 zinazotoa moshi kuliko langu, na pia kuna 240 D ambazo hazifai kuwa barabarani, ikiwemo pengine hii yangu, kama nitakavyoeleza. Na nikiona yale mabasi ya umeme yaliyoanza kuingia Nairobi mwaka 2022 yakinipita kwenye mteremko bila sauti, najua ubishi huu una mwisho wake, nami siko upande utakaoshinda.

Ninachokieleza ni hiki. Mwezi uliopita fundi alipima mgandamizo. Silinda tatu zinatoa kati ya 22 na 23, ya tatu kutoka mbele inatoa 17. Ringi zimechoka. Inaweza kuendelea miaka miwili hivyo, lakini itaanza kula oili na kuitoa kama moshi wa bluu, na kazi yote ya nozeli itakuwa bure. Kufungua injini ni takriban shilingi 180,000, ambazo ni zaidi ya thamani ya gari lenyewe machoni pa mtu mwenye akili timamu. Wakati huo huo kuna mzee wa Narok aliyemwona mjomba msibani akamwambia atalinunua kama lilivyo, pesa mkononi.

Niliwaza kwa wiki mbili. Mzee yule hatapima nozeli. Atairudisha pampu ilivyokuwa ili lipande milima na kondoo ndani, na Narok nako kuna madirisha. Nikiliuza, moshi utabaki pale pale, ni mimi tu nitakayeacha kuuona. Sisemi kwamba kila mtu afanye nilivyoamua, wengi hawana 180,000 za kutupa, nami mwenyewe sina zote.

Jumamosi nimelipeleka, na fundi amekwisha kutoa kichwa cha injini. Amesema wiki tatu, ambazo kwa saa za gereji ni sita. Nitapanda matatu. Mama jirani nilipomwambia alicheka, akasema hizo wiki sita hata yeye atalala mpaka saa kumi na mbili.